Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri Mkuu: Dozi ya methadoni isogezwe karibu na mgonjwa

Mheshimiwa Waziri Mkuu,
Ofisi ya Waziri Mkuu,
DODOMA.

Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUSOGEZA HUDUMA YA METHADONI HADI VITUO VYA AFYA



Najua mafaili yanayokusubiri mezani ni mengi, na kila moja lina wananchi wanaolitegemea. Natanguliza radhi kwa kuongeza langu. Nimeandika hadharani bila nia ya kumwaibisha yeyote. Jambo lenyewe si la nyumba yangu peke yake, na kina mama wenzangu wengi wanalo, ila wanaona haya kulisema.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Chanika, wilaya ya Ilala, Dar es Salaam. Nina kijana aliyeingia kwenye heroini kabla hajatimiza miaka ishirini. Alianza kama wanavyoanza wengi: bangi kijiweni, kiroba cha kuonja na wenzake, kisha msokoto ulionyunyiziwa unga, aliopewa bure na mtu aliyejua kwamba kesho yake atarudi na hela. Leo yuko kwenye matibabu ya methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini, na ninayasema haya kwa ridhaa yake. Ombi langu ni moja, na kwa ruhusa yako nalitaja mapema ili usisumbuke kulitafuta: dozi ya methadoni isogezwe hadi kituo cha afya kilicho karibu na mgonjwa.

Kabla ya kuomba, niruhusu nishukuru.

Februari 2017 ofisi yako ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Machi pombe ya viroba ni marufuku. Sisi tuliokuwa madarasani wakati ule tunakumbuka hali ilivyokuwa. Kiroba kilikuwa mfuko mdogo wa plastiki wenye pombe kali, bei yake mtoto anaimudu, na kinafichika ndani ya soksi au kwenye mkebe wa hesabu. Wanafunzi walipofagia uwanja asubuhi, niliviona vifuko hivyo kwenye taka, pamoja na maganda ya karanga na vijiti vya aisikrimu. Baada ya tangazo lile viliondoka madukani, na uwanja wetu ukaonyesha tofauti. Pombe haikwisha nchini, lakini ilitolewa kwenye kimo cha mtoto. Naishukuru ofisi yako kwa hilo.

Nashukuru pia kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na kwa Mamlaka iliyozaliwa na sheria hiyo. Desemba 2023 Mamlaka ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini huko Dar es Salaam na Iringa. Unga wa heroini unaotokana na afyuni ya Afghanistan hushuka hadi pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan, ukapakiwa majahazini na kuvuka Bahari ya Hindi kuja kwetu. Kila kilo inayozuiwa ni kilo ambayo haikumfikia mtoto wa mtu. Maofisa wanaofanya kazi hiyo wanahatarisha maisha yao, na mimi ni mmoja wa wanaowaombea.

Zaidi ya yote nashukuru kwa methadoni yenyewe. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa, na Tanzania ikawa ya kwanza barani Afrika kusini mwa Sahara, ukiacha visiwa, kuendesha huduma hiyo katika hospitali ya umma. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar, Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga na Bagamoyo. Sisi tulianza, na kijana wangu yuko hai kwa sababu tulianza.

Sasa, Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba nieleze ugonjwa huu kama ninavyoujua.

Mtumiaji wa heroini akikaa saa sita hadi kumi na mbili bila unga, arosto inaanza. Kwanza anapiga miayo mfululizo. Macho na pua vinachuruzika. Ngozi inasisimka kwa baridi ilhali nje ni jua la adhuhuri. Halafu tumbo linasokota, anaharisha, anatapika, na mifupa inamuuma kiasi kwamba hawezi kulala wala kukaa. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Nimemwona mwanangu kwenye mkeka sebuleni, amejifunika mablanketi mawili, jasho linamtoka, akiniomba nimkande magoti kwa maji ya moto. Baada ya muda mfupi akaniomba niache, kwa sababu hata kuguswa kulimuuma.

Mtu aliye katika hali hiyo anajua kwamba kete moja itayamaliza mateso yote ndani ya dakika chache. Pasi, sufuria na mtungi wa gesi viliondoka nyumbani kwangu kulipia kete hiyo. Sisemi haya ili kuhalalisha wizi, na naomba nisieleweke hivyo. Nasema ili ieleweke kwamba kijana wa namna hii amekwisha kuonywa na kila mtu, na onyo halifiki mahali maumivu yalipo.

Wazazi wengi humfungia kijana wao chumbani, au humpeleka kijijini kwa babu yake. Wengine wanafanikiwa huko, na nyumba za upataji nafuu zimewarudisha vijana wengi kwenye maisha. Nazipongeza kwa moyo wote. Lakini wapo wanaorudi mjini wakiwa wamenenepa, wazima wa kutazamwa, wakapita kijiwe kile kile na kutumia kipimo kile kile walichokizoea zamani. Mwili ulikwisha kukisahau. Pumzi inakata. Hatari hiyo hiyo inamngoja anayetoka gerezani. Misiba ya namna hii tumeihudhuria, na kwenye matanga watu husema marehemu aliugua ghafla.

Methadoni inashika mahali pale pale kwenye ubongo panaposhikwa na heroini, ila kwa mwendo mwingine. Heroini inapanda kwa ghafla na kuisha baada ya saa chache, ndiyo maana mtumiaji anatafuta kete mara kadhaa kwa siku. Methadoni inapanda taratibu na kukaa mwilini saa ishirini na nne na zaidi. Dozi moja inamvusha hadi kesho: arosto haimshiki, hamu ya unga inapungua, na kipimo kikiwa sawasawa hasinzii wala halewi. Anakula, anaoga, anakumbuka miadi. Dawa yenyewe ni ya kunywa, hivyo mlango wa VVU na homa ya ini, uliofunguliwa na sindano za kupokezana, unaanza kufungwa. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005.

Kliniki tunayokwenda ina dirisha dogo lenye nondo. Kijana anataja namba yake. Mfamasia anaitafuta kwenye rejesta, anapima dawa kwenye kikombe kidogo cha plastiki, anamsogezea. Anainywa pale pale, anatiliwa maji kwenye kikombe hicho hicho, anayanywa nayo, kisha anasema neno lolote ili mfamasia ahakikishe kwamba dawa imeshuka. Anasogea, anakuja mwingine. Wahudumu wanawaita vijana kwa majina yao na kuwauliza habari za watoto wao. Sina lalamiko lolote juu yao, na ningependa wajue hivyo wakiisoma barua hii. Tendo zima halifiki dakika mbili.

Dakika hizo mbili, Mheshimiwa, ndizo zinazokula siku nzima, kwa sababu dirisha liko mbali.

Kutoka Chanika tunapanda gari mbili kwenda na mbili kurudi. Desemba 2023 nauli ya chini ya daladala jijini ilipanda kufikia Sh600. Hata nikihesabu nauli hiyo ya chini kwa kila gari, na safari yetu ni ndefu kuliko hapo, inakuwa Sh2,400 kwa siku, na Sh72,000 kwa mwezi wa siku 30. Dawa ni bure, na kwa hilo naishukuru Serikali. Lakini methadoni haina Jumapili, haina Idi wala Krismasi. Fedha ya nauli inatakiwa kila kunapokucha, na anayedaiwa ni kijana asiye na kazi, anayelala kwa mama mwenye pensheni ya mwalimu. Wengine hawana hata mama mwenye pensheni.

Asubuhi ambayo nauli haipo, anatoka mapema na kumsihi konda. Wapo makonda, Mungu awabariki, wanaomwacha asimame mlangoni. Wapo wanaoutazama mkono wenye makovu ya sindano wakamkatalia, hata akiwa na hela. Mvua zikikatisha barabara, dirisha linabaki ng'ambo na yeye anabaki huku. Na wauzaji wa unga wanaijua njia ya kliniki kuliko wenye kliniki. Wanajua saa ambazo vijana wanapita, wanajua nani jana hakuonekana. Kijana aliyekosa gari, mwenye nauli mfukoni na miayo ya kwanza ya arosto mdomoni, anakutana na pusha kabla hajakutana na mfamasia.

Akikosa dozi siku tatu mfululizo, wataalamu hawawezi kumpa tena kipimo chake cha zamani kwa mkupuo, kwa sababu kinaweza kumzimisha pumzi. Wanalazimika kumtathmini upya, kumpunguzia na kumpandisha pole pole. Ni utaratibu sahihi, unaolinda uhai. Lakini siku hizo za kupanda upya ndizo siku ambazo dozi haitoshi, na kijiwe kinamwita. Kwa hiyo nauli iliyokosekana kwa siku tatu inaweza kumrudisha mtu nyuma kwa miezi.

Kuna pia suala la kazi. Mwanangu alipopata nguvu alipata kibarua cha saidia fundi. Fundi anataka watu wake wawe wamevaa buti saa moja asubuhi. Ukipanda gari mbili, ukasubiri foleni dirishani, ukapanda mbili nyingine, unafika saa nne. Fundi huyo ni mtu mwema, alimvumilia kwa muda, kisha akamwambia achague. Alichagua dawa, na nilimuunga mkono, lakini namshukuru Mungu kwamba hukuwepo kuuona uso wake siku ile. Dawa inayompa mtu uwezo wa kufanya kazi isiwe ndiyo inayomnyima kazi. Kwa heshima zote, naomba sentensi hiyo moja ibaki mezani kwako hata kama nyingine zote zitasahauliwa.

Naomba uniwie radhi nikikumbusha jambo ambalo unalijua kuliko mimi. Nchi yetu imekwisha kufanya kazi ya namna hii na ikafaulu. Dawa za kufubaza VVU zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, zilipatikana kwenye hospitali kubwa chache. Watu walilala vituo vya mabasi kuzifuata. Wapo waliosema dawa hizo ni ngumu mno kukabidhiwa vituo vya chini, kwamba wagonjwa watazichanganya, kwamba wahudumu hawatoshi. Serikali ikafundisha wahudumu, ikatengeneza rejesta, ikazisogeza. Leo mwenye VVU anachukua dawa kwenye kituo cha afya, mahali pengi hata zahanati, na aliye imara anapewa za miezi kadhaa. Hatukungoja kila kituo kiwe Muhimbili. Ninaomba moyo ule ule uelekezwe kwa watoto hawa.

Ziko sababu za kitabibu pia. Wengi waliowahi kujidunga wana VVU, na wengi wana kifua kikuu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini inaharakisha kutolewa kwa methadoni mwilini, kwa hiyo mgonjwa anayeanza matibabu ya kifua kikuu anaweza kushikwa na arosto ilhali anakunywa dozi yake kila siku. Hushangaa, hukata tamaa, huacha dawa zote mbili. Dawa za kifua kikuu na za VVU tayari ziko kwenye kituo cha afya. Methadoni ikiwa hapo hapo, mhudumu mmoja anayaona yote na kipimo kinarekebishwa kwa wakati.

Nimezisikia hofu zilizopo, na naziheshimu, kwa sababu zinatoka kwa watu wanaojali.

Ya kwanza ni kwamba methadoni ni ulevi juu ya ulevi. Namjibu anayesema hivyo kwa upole: mlevi hulewa, na mwanangu halewi. Anaamka, anapiga mswaki, anakwenda kuchota maji. Mgonjwa wa kisukari anategemea insulini kila siku na hatumwiti mraibu wa insulini. Wapo wanaopunguza methadoni kidogo kidogo hadi kuiacha, na wapo watakaoihitaji kwa miaka mingi. Daktari na mgonjwa wake ndio wanaojua.

Ya pili ni kwamba dawa itavuja na kuuzwa mitaani. Hofu hii ni ya kweli na haifai kupuuzwa, kwani kipimo cha mtu mzima aliyezoea kinaweza kumuua mtoto, na kikichanganywa na pombe kali au vidonge vya usingizi kinaweza kumuua hata mtu mzima. Ndiyo maana siombi chupa zigawiwe ovyo. Naomba utaratibu wa dirishani uhamie kituoni kama ulivyo: kabati lenye kufuli mbili, rejesta, kikombe, maji, na mhudumu anayeangalia dawa ikimezwa. Kwa wale walioonyesha uthabiti kwa muda mrefu, wanaopimwa na kuonekana hawatumii unga, wataalamu waruhusiwe kuwapa dozi za siku chache za kubeba nyumbani, zikiwa zimefungwa vizuri. Wakati wa UVIKO-19 nchi nyingi ziliruhusu jambo hilo ili kupunguza misongamano.

Ya tatu ni kwamba mateja watajazana kwenye kituo cha afya na kuwatisha kina mama wanaopeleka watoto kliniki. Mimi ni mama, naielewa hofu hiyo. Lakini vijana hawa wanaishi mtaani kwetu tayari. Wako nyuma ya soko, kwenye magofu, chini ya madaraja. Wakitibiwa karibu, kliniki kubwa zitapungua msongamano, kila kituo kitapata wachache, na watakunywa dawa na kuondoka kwa sababu hawatakuwa na gari la kusubiri.

Ya nne ni upungufu wa wahudumu. Hii siwezi kuijibu mimi. Inajibiwa na wewe na Serikali. Ninachoomba kieleweke ni kwamba kazi kubwa ya kumwanzishia mtu dawa, kumpima, na kukipata kipimo chake, ibaki kwenye kliniki kubwa zenye madaktari wa afya ya akili. Kinachohamia chini ni dozi ya kila siku ya mtu ambaye kipimo chake kimekwisha kutulia. Mfamasia au muuguzi aliyefundishwa vizuri anaiweza kazi hiyo.

Niruhusu pia niseme neno juu ya mabinti. Kliniki zinahudumia wanaume wengi na wanawake wachache sana, na sababu yake si kwamba wasichana hawatumii. Wanatumia na kujificha, na wengine wanalipia unga kwa miili yao. Binti mwenye mtoto mgongoni hawezi kupanda gari nne kila siku huku abiria wakimnyooshea vidole. Kituo cha afya ni mahali ambapo mwanamke mwenye mtoto anaingia bila mtu kuuliza amefuata nini. Nafikiri hapo ndipo tutakapowapata.

Nije kwenye fedha, na hapa naongea kwa uangalifu zaidi, kwani mimi si mtaalamu wa bajeti. Huduma hii tangu mwanzo imeegemea sana wahisani, Marekani ikiwa miongoni mwa wakubwa. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na wazazi wenye watoto kwenye methadoni tulikosa usingizi. Zipo dawa ambazo zikichelewa wiki, mgonjwa anaweza kuvumilia. Methadoni ikikosekana siku mbili, kliniki nzima inaingia kwenye arosto kwa pamoja, na jioni ya siku hiyo kila kijiwe kina wateja wapya. Uhai wa vijana wetu haupaswi kutegemea uchaguzi wa nchi nyingine. Tunaomba fungu la methadoni lisimame lenyewe kwenye bajeti yetu.

Kwa muhtasari, Mheshimiwa, naomba kwa heshima:

(i) Wagonjwa ambao kipimo chao kimetulia wanywe dozi ya kila siku kwenye kituo cha afya kilicho karibu nao, tukianza na wilaya za Dar es Salaam zenye wagonjwa wengi, kisha mikoa mingine;

(ii) Wataalamu waruhusiwe kutoa dozi za kubeba nyumbani kwa walio imara, kwa masharti watakayoyaweka wao, na dirisha lifunguliwe alfajiri kwa wenye kazi;

(iii) Ununuzi wa methadoni uwe na fungu lake kwenye bajeti ya Serikali;

(iv) Askari wetu waelekezwe kuheshimu kadi ya kliniki, ili kijana anayekwenda kunywa dawa asikamatwe njiani kwa sura yake tu;

(v) Halmashauri zikumbushwe kwamba katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo, ambayo 4 ni ya vijana, vikundi vya vijana walio kwenye matibabu navyo vina haki ya kuomba na kusikilizwa.

Naleta ombi hili kwako, na si kwa mwingine, kwa sababu Wizara ya Afya ina wataalamu, TAMISEMI ina vituo, Mamlaka ina sheria, Hazina ina fedha na Polisi wana barabara. Kila mmoja akiombwa peke yake anaonyesha, kwa haki kabisa, mahali mamlaka yake yanapoishia. Ibara ya 52 ya Katiba imekukabidhi wewe usimamizi wa shughuli za Serikali za siku hadi siku, na dozi ya methadoni ni shughuli ya siku hadi siku kuliko nyingi ninazozijua. Anayeweza kuwaweka wote kwenye meza moja ni wewe.

Sitarajii haya yote yafanyike kwa mwezi mmoja. Nimefundisha miaka mingi, najua jambo zuri linavyokwenda kwa hatua. Ila kila Aprili hotuba ya bajeti ya ofisi yako husomwa bungeni, na tarehe 26 Juni dunia huadhimisha siku ya kupiga vita dawa za kulevya. Nakuomba, kwa heshima na unyenyekevu wote nilionao, kwamba katika mojawapo ya siku hizo mbili utaje vituo vya afya vya kuanzia, mwezi wa kuanza, na fedha zitatoka fungu gani. Ukivitaja, mimi na kina mama wenzangu tutawapokea vijana hao vituoni kwa mikono yetu, tutakaa na wahudumu, tutazungumza na majirani wenye hofu, na tutaripoti sisi wenyewe dawa ikivuja. Hilo tunakuahidi, na tuko tayari kuitwa.



Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu na mama mzazi,
Chanika, Dar es Salaam.